Nilijiuzulu Lini? Barua ya Wazi kwa Maspika Kuhusu Kiti cha Julian Bond na Viti vya Kwetu

Kwa Waheshimiwa Maspika wa Bunge la Taifa, wa Seneti na wa mabunge yote 47 ya kaunti za Kenya. Kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Na kwa makatibu wakuu wa vyama vyenye wawakilishi katika mabunge hayo.

MINTARAFU: MWAKILISHI ANAYECHUKULIWA KUWA AMEJIUZULU

Waheshimiwa,

Mimi ni karani mstaafu wa bunge moja la kaunti. Kazi yangu ilikuwa kuandaa shughuli za kikao, kuhesabu kura, kumshikia mwakilishi mpya karatasi ya kiapo na kuhakikisha kwamba ametia sahihi penye mstari. Karani hatoi maoni. Ndivyo tulivyofundishwa, na kwa miaka yote niliyoketi mbele ya kiti cha Spika niliutii mwiko huo. Sasa nimestaafu, na lipo jambo moja ambalo nimechoka kulinyamazia. Naomba mnivumilie hata pale nitakapowapeleka mbali, hadi Atlanta katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kwa sababu huko ndiko nilikoikuta kesi inayoeleza vizuri kuliko nyingine yoyote jambo nililolishuhudia kwa macho yangu hapa nyumbani.

Kesi hiyo ni ya Julian Bond, aliyekuwa mwakilishi na kisha seneta katika bunge la jimbo la Georgia kwa miaka 20, kuanzia Januari 1967 hadi Januari 1987. Ingekuwa miaka 21 kama wenzake hawangemfungia mlango mwaka wa kwanza, na mwaka huo aliofungiwa nje ndio unaonihusu zaidi.

Bond alizaliwa Nashville, Tennessee, mwaka 1940, katika nyumba ya vitabu. Babake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi na mkuu wa vyuo. Kijana aliingia Chuo cha Morehouse mjini Atlanta mwaka 1957, na miaka mitatu baadaye akawa miongoni mwa wanafunzi walioasisi SNCC, chama cha vijana kilichokuwa mstari wa mbele katika migomo ya kukaa kwenye mikahawa iliyokataa kuwahudumia Weusi. Kazi yake katika chama hicho ilikuwa habari: kuandika taarifa, kuyapigia simu magazeti, kuhakikisha kwamba mtu akipigwa au akikamatwa katika kijiji cha Mississippi dunia inajua kabla ya jua kutua. Aliacha masomo kwa ajili ya kazi hiyo, akaja kuyamaliza mwaka 1971 akiwa tayari ni mbunge. (Natamani baadhi ya waheshimiwa wetu wenye vyeti vya kutiliwa shaka wangemwiga angalau kwa hilo.)

Mwaka 1965, baada ya mahakama kuamuru mipaka ya maeneo ya uwakilishi ya Georgia ichorwe upya kwa kufuata idadi ya watu, uchaguzi maalumu uliitishwa, na Bond, akiwa na umri wa miaka 25, akasimama katika eneo la 136 mjini Atlanta. Eneo hilo lilikuwa na wapiga kura wapatao 6,500, na kati yao kama 6,000 walikuwa Weusi. Tarehe 15 Juni alipata kura 2,320. Mpinzani wake, ambaye naye alikuwa Mweusi na mlezi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Atlanta, alipata 487. Nazitaja tarakimu hizi kwa makusudi, kwa kuwa yote yaliyofuata yalikuwa majaribio ya kuzifuta.

Tarehe 3 Januari 1966, huko Tuskegee, Alabama, kijana aliyeitwa Sammy Younge, ambaye alikuwa amelitumikia jeshi la wanamaji la nchi yake, aliuawa kwa risasi katika kituo cha mafuta baada ya mzozo kuhusu choo kilichotengewa Wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika tamko hilo. Mwandishi wa kituo cha redio kilichokuwa kikipata fedha za jimbo alimpigia simu na kumuuliza kama analikubali, naye akajibu kwamba analikubali. Aliongeza kwamba anauheshimu ujasiri wa watu wanaotenda kulingana na imani yao huku wakiyajua matokeo yake. Baadaye alieleza kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameichoma kadi yake ya jeshi wala hakumshauri mtu yeyote kuichoma yake. Ilikuwa simu moja, siku nne kabla ya kuapishwa.

Jumatatu tarehe 10 Januari, Bond alifika katika jengo la bunge lenye kuba la dhahabu ili ale kiapo pamoja na wenzake. Karani wa bunge akamwomba asimame kando. Sehemu hiyo kila nikiisoma hunikaa kooni, kwa maana najua sauti ambayo karani huitumia kumwambia mtu asimame kando; ni sauti ya upole, yenye kuonyesha kwamba hayo si maamuzi yake. Wengine wote waliapishwa. Pingamizi zikasikilizwa mbele ya kamati, na siku hiyohiyo bunge likapiga kura: 184 walitaka asipewe kiti, 12 wakakataa kufanya hivyo.

Hoja ya wale 184 inastahili kuelezwa kwa haki, kwa sababu haikuwa ya kipumbavu. Hawakusema kwamba wanamkataa kwa rangi yake. Walisema kwamba kila mbunge anakula kiapo cha kuitetea Katiba ya Marekani na ya Georgia, na kwamba mtu anayewastahi wanaovunja sheria ya kuandikishwa jeshini hawezi kula kiapo hicho kwa moyo mnyofu. Kwa hiyo bunge, likiwa ndilo lenye mamlaka ya kupima sifa za wanachama wake, lina haki ya kumpima huyu na kumwona amepungua. Mahakama ya kwanza, yenye majaji watatu, iliikubali hoja hiyo kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Martin Luther King, ambaye alikuwa mpiga kura wa eneo hilo la 136, alikuwa ameungana na Bond kwenye kesi kwa misingi kwamba yeye naye amenyang'anywa mwakilishi wake.

Mimi nimewaapisha wawakilishi wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Nimewashikia karatasi walioisoma kwa sauti ya radi na waliogugumia kila neno, na wapo ambao niliposikia kiapo kinatoka kinywani mwao nililazimika kuinamisha uso. Sikumuuliza hata mmoja kama moyo wake umekubaliana na ulimi wake, kwa kuwa karatasi ile haina mahali pa kujazia hilo. Jaji Mkuu Earl Warren alisema jambo lilo hilo kwa lugha ya mahakama. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote tisa kwa kauli moja, kwamba sharti la kula kiapo haliwapi wabunge walio wengi leseni ya kupima unyofu wa mwenzao, na kwamba katika serikali ya uwakilishi mbunge anahitaji uhuru mpana wa kutoa maoni yake kuhusu sera, usiopungua hata chembe ule wa raia wa kawaida.

Kabla ya hukumu hiyo, wapiga kura wa eneo la 136 walikuwa wameulizwa tena. Uchaguzi mdogo ulifanyika Februari 1966 ili kukijaza kiti kilichosemekana kiko wazi. Bond akashinda, akaitwa mbele ya kamati, akatakiwa ayameze maneno yake, akakataa, akafungiwa nje mara ya pili. Novemba akachaguliwa kwa mara ya tatu. Watu wa eneo hilo walilijibu swali lilelile mara tatu katika muda wa miezi 17, na jibu lao halikubadilika. Tarehe 9 Januari 1967 Bond akaapishwa. Siku iliyofuata bunge hilohilo, lililokuwa limejaa wasiwasi kuhusu unyofu wa moyo wake, likamchagua Lester Maddox kuwa gavana wa Georgia, mwenye mkahawa aliyejipatia jina kwa kuwafukuza wateja Weusi mlangoni kwa mipini ya sururu.

Huenda mtauliza Georgia inatuhusu nini. Inatuhusu kuliko tunavyokumbuka. Desemba 1963, siku chache baada ya bendera yetu kupandishwa, Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alizuru Atlanta, na vijana wa SNCC wakaenda hotelini kumsalimu. Walipotoka hapo waliingia mkahawa wa jirani, wakakataliwa huduma, wakakamatwa. Mwaka uliofuata Bond mwenyewe alikuwa katika ujumbe wa SNCC uliokwenda Guinea kwa mwaliko wa Sékou Touré, na wawili miongoni mwa wajumbe hao, John Lewis na Donald Harris, waliendelea na safari hadi Nairobi, ambako walikutana na Malcolm X. Vijana hao walikuwa wakitutazama sisi. Walitaka kuona jinsi watu weusi wanavyojitawala katika mabunge yao wenyewe.

Na walichoweza kukiona mwaka 1966 ni hiki. Aprili mwaka huo Odinga alijiuzulu umakamu wa rais na akawa kiongozi wa KPU, chama kipya cha upinzani. Kabla ya mwezi kwisha Katiba yetu ilikuwa imebadilishwa kwa haraka ya ajabu, kwamba mbunge akiacha chama kilichomdhamini basi na kiti amekiacha. Juni ukafanyika ule uchaguzi mdogo wa viti 29. KPU ilipata kura nyingi kuliko KANU, chama tawala, kwa jumla, lakini ikaambulia viti tisa. Odinga alirudi, mwenzake katika KPU, Bildad Kaggia, akaanguka Kandara. Kwa hiyo katika mwaka mmoja, mgeni wa Atlanta na mwenyeji wake wa Atlanta walijikuta mbele ya swali moja: kiti ni cha nani? Tofauti ni kwamba mwisho wa mwaka huo kijana wa Georgia alikuwa na hukumu ya majaji tisa mkononi, na mzee wetu alikuwa na miaka mitatu tu kabla ya chama chake kupigwa marufuku na yeye mwenyewe kutiwa kizuizini.

Oktoba 1975 mambo hayo yalirudi kwa sura nyingine. Mbunge Martin Shikuku alisema bungeni kwamba kuna watu wanaojaribu kuliua Bunge kama KANU ilivyouawa, na alipotakiwa athibitishe, Naibu Spika Jean-Marie Seroney alijibu kutoka kitini kwamba lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge, wakazuiliwa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Sina haja ya kuwaeleza yaliyofuata katika miaka ya 1980, wakati kufukuzwa KANU kulikuwa na maana ya kufukuzwa bungeni, kwa sababu baadhi yenu mlikuwa watu wazima wakati huo na wengine mlikuwa katika foleni za mlolongo.

Katiba ya mwaka 2010 iliandikwa na watu waliokuwa na kumbukumbu hizo. Ndiyo maana inamruhusu mgombea huru, inalinda maneno yanayosemwa bungeni, na inawapa wapiga kura, katika Kifungu cha 104, haki ya kumrudisha nyumbani mbunge wao kabla ya muhula kwisha. Hata hivyo Kifungu cha 103, pamoja na kile cha 194 kinachowahusu wawakilishi wa wadi, vinasema kwamba mwakilishi hupoteza kiti akijiuzulu kutoka chama chake, au akichukuliwa kuwa amejiuzulu kwa mujibu wa sheria. Ni haya maneno matatu, “kuchukuliwa kuwa amejiuzulu”, yaliyonifanya niandike barua hii.

Naomba niwasimulie yalivyo yakifika mezani mwa karani.

Katika bunge nililolitumikia palikuwa na mwakilishi mmoja wa wadi, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akiketi safu ya tatu karibu na dirisha. Alasiri moja lililetwa pendekezo la kuhamisha sehemu ya fedha za basari kwenda kwenye ujenzi wa jengo ambalo sitalitaja. Chama chake kilikuwa kimeamua kuliunga mkono. Yeye alisimama, akasema kwa dakika zisizozidi nne kwamba watoto wa wadi yake wanakaa nyumbani kwa kukosa karo, na wakati wa kura akasema hapana. Kiranja wa chama alikuwa akimtazama. Mimi niliandika jina lake upande wa waliopinga, nikafunga daftari.

Wiki mbili baadaye ililetwa bahasha ya kaki, kwa mkono, na kijana wa pikipiki. Ndani mlikuwa na barua ya chama, mistari michache na muhuri wa wino wa zambarau, iliyoieleza ofisi ya Spika kwamba kwa mwenendo wake mheshimiwa fulani amechukuliwa kuwa amejiuzulu uanachama, na kwamba hatua zinazofaa zichukuliwe. Nakala yake ilikuwa kwa mhusika. Alikuja ofisini kwangu akiwa ameikunja mara nne, akaifungua juu ya meza, akaweka kidole kwenye neno lile, akaniuliza, “Bwana Karani, nilijiuzulu lini?”

Sikuwa na jibu. Nilimwambia, “Mheshimiwa, mimi ni karani tu.”

Nikaagizwa kibao cha jina lake kiondolewe mezani. Fundi alikuja na bisibisi, akafungua skrubu mbili, akaniletea kibao nikakiweka kwenye droo. Mwenyewe alikwenda kwenye jopo linalotatua mizozo ya vyama, akapata amri ya kusimamisha hatua hiyo, kibao kikarudishwa; lakini skrubu moja ilikuwa imepotea, na tangu siku hiyo hadi bunge lilipovunjwa jina lake lilikaa upande. Kesi ilichukua sehemu kubwa ya muhula wake na, kama alivyoniambia, sehemu kubwa ya shamba la babake. Katika wiki zile ambazo kiti kilisemekana kina mgogoro, mama mmoja mzee alikuja langoni na fomu ya basari ya mjukuu wake, akaambiwa mheshimiwa hayupo kwa sasa. Akauliza ni nani basi atakayempigia muhuri. Askari wa lango akamleta kwangu, nami nikamweleza kuhusu mgogoro wa chama kwa lugha rahisi kadiri nilivyoweza. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha fomu tena.

Msiniambie kwamba hayo ni mambo ya kaunti yasiyofika Nairobi. Mei 2021 kiti cha seneta mteule kilitangazwa kuwa wazi katika Gazeti Rasmi la Serikali baada ya chama chake kumtimua, na ikabidi mahakama ndiyo isimamishe. Mtu anayeteuliwa kutoka orodha ya chama yuko karibu zaidi na mkono wa chama kuliko aliyepigiwa kura, nakubali. Lakini barua zinazowahusu wawili hao hutumia maneno yaleyale, na ofisi za Spika huzipokea kwa namna ileile.

Waheshimiwa makatibu wakuu, najua mtakalolijibu, na jibu lenu lina uzito. Mtasema kwamba bila sheria hii wabunge watauzwa kama mbuzi sokoni. Mtatukumbusha jinsi baada ya uchaguzi wa 1992 wabunge wa upinzani walivyokuwa wakivuka kwenda KANU mmoja mmoja, wakiwa wamewaacha wapiga kura wao wakishangaa. Mko sahihi. Mtu aliyesimama kwa tikiti yenu akaenda kujiunga na chama kingine anapaswa kurudi kwa waliomchagua, na mimi ningekuwa wa kwanza kuushika mlango atoke. Lakini huyo amejiuzulu kweli, kwa miguu yake. Yule wa safu ya tatu hakwenda popote. Alibaki ndani ya chama, akalipa ada, akavaa kofia yenu kwenye mikutano, na siku moja akasema hapana kuhusu fedha za watoto. Bond naye alishinda mchujo wa chama cha Democratic na hakukiacha chama hicho. Waliomfungia nje walikuwa wengi wao wanachama wenzake. Kumchanganya msaliti na mkaidi ni kosa ambalo hata mimi, nisiye mwanasheria, naliona.

Tena kuna upande wa kazi ya Bond usiosimuliwa sana, na ambao kwangu ndio wenye fundisho kubwa kuhusu nani ana haki ya kumwondoa mbunge. Baada ya kupata kiti hakuwa malaika. Sifa zilimfuata mapema mno: mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa Democratic huko Chicago, aliongoza ujumbe wa Georgia uliopinga ule uliochaguliwa na wakubwa wa jimbo, akapendekezwa kuwa mgombea mwenza wa urais, na ikabidi aliondoe jina lake kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na Katiba ya Marekani inataka 35. Alikaa katika Baraza la Wawakilishi la Georgia hadi 1975, kisha akaingia Seneti ya jimbo. Alikuwa akisafiri mno kutoa mihadhara, na walikuwapo waliosema kwamba sura yake inaonekana zaidi kwenye runinga kuliko kwenye kamati. Kazi yake nzito kuliko zote huenda ilikuwa ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, alipopigania mipaka ya eneo la tano la Atlanta katika Bunge la Marekani ichorwe ili Weusi wawe wengi na waweze kumchagua wamtakaye. Alifanikiwa.

Mwaka 1986 akagombea kiti cha eneo hilohilo. Mpinzani wake mkuu alikuwa John Lewis, rafiki yake tangu enzi za SNCC, yule aliyefika Nairobi mwaka 1964. Bond aliongoza katika duru ya kwanza, magazeti na watu mashuhuri wakiwa wameshamhesabu kuwa mshindi. Lewis alijinadi kama mtu wa kazi anayegombea dhidi ya mtu wa umaarufu, akazunguka mlango kwa mlango, akamtaka mwenzake wapimwe pamoja kama wanatumia dawa za kulevya, jambo lililouharibu urafiki wao. Katika duru ya marudio Lewis alipata kama asilimia 52. Wengi wa wapiga kura Weusi walikuwa na Bond, lakini Wazungu walimchagua Lewis kwa wingi, na hesabu ikaishia hapo. Januari 1987 muda wa Bond katika Seneti ya jimbo ukaisha, na hakushika tena kiti cha kuchaguliwa na wananchi. Alikwenda kufundisha vyuo vikuu, akawa mwenyekiti wa NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Weusi, kuanzia 1998 hadi 2010, akafariki tarehe 15 Agosti 2015.

Tazameni jambo hilo vizuri. Wabunge 184 walitaka kumwondoa kwa neno alilolisema kwenye simu, wakashindwa. Wapiga kura wa Atlanta walimkataa katika eneo alilolipigania yeye mwenyewe, bila kumtaka aeleze moyo wake ulivyo, naye akaondoka bila kwenda mahakamani, kwa kuwa hakukuwa na cha kushtaki.

Kwa hiyo ninaloliomba si kubwa. Sheria ya Vyama vya Kisiasa itamke waziwazi kwamba neno lililosemwa au kura iliyopigwa ndani ya bunge au kamati yake haiwezi kamwe kuwa ushahidi kwamba mtu amejiuzulu kutoka chama. Chama kilichochukizwa kina silaha yake halali, nayo ni kumnyima tikiti kwenye mchujo ujao. Mkaidi akitaka, asimame kama mgombea huru tuone wananchi watasema nini. Ofisi ya Spika nayo isiwe ya kupokea barua na kuzitekeleza. Kabla ya kiti kutangazwa wazi, kabla ya jina kufutwa katika orodha na kabla ya fundi kuitwa na bisibisi yake, rufaa zote ziwe zimekwisha.

Kuhusu haki ya kumrudisha mbunge nyumbani, ni aibu kwamba miaka yote hii tangu 2010 hakuna mbunge hata mmoja aliyewahi kurudishwa kwa njia hiyo. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya Sheria ya Uchaguzi vilivyoifunga haki hiyo kwa kufuli juu ya kufuli. Wananchi wanahitaji vifungu wanavyoweza kuvitumia. Inashangaza jinsi tulivyo wepesi wa kumpa katibu mkuu uwezo wa kumwondoa mwakilishi kwa karatasi moja, na tulivyo wazito wa kumpa mama wa fomu ya basari uwezo huohuo.

Na liko moja dogo, la kikarani, ambalo halihitaji kusubiri mswada. Kila moja ya ofisi zenu ina sajili ya barua zinazoingia. Mwagizeni karani aifungue kuanzia mwaka 2013, ahesabu ni barua ngapi za vyama zimefika zikidai kwamba mwakilishi fulani amechukuliwa kuwa amejiuzulu, aandike tarehe ya kila barua, na mbele yake aandike tarehe na mada ya kura ya mwisho ambayo mwakilishi huyo alitofautiana na chama chake. Orodha hiyo iwekwe mezani katika kikao cha wazi. Karani yeyote mwenye wiki mbili na daftari la kura anaweza kuifanya kazi hiyo, na akihitaji msaada, mimi nipo na muda ninao.

Wenu mtiifu,

Karani mstaafu wa bunge la kaunti